Usiku Huu Nazima Simu

Ouma mwanangu,

Nimekaa kwenye cherehani lakini sishoni. Sare za watoto wa shule zimerundikana hapa mezani, na wewe nakusikia huko uani ukifunga sanduku lako la vyombo vya kazi kwa kishindo, kama mtu anayegombana nalo. Nimekosa karatasi ya maana ya kuandikia, nikachukua ile ya kaki ninayokatia mitindo. Ndiyo maana barua yako ina umbo la mkono wa shati. Ukiikunja vizuri itaingia mfukoni.

Nitakupa tukimaliza kula. Nenda nayo nyumbani kwako uisome huko kabla hujalala, usiisome mbele yangu. Mambo ya kula kwa wakati, kufua soksi na kutoamini kila mtu anayekuita ndugu nitayasema mezani, na najua hutayasikiliza, kwa hiyo sina haja ya kuyapotezea wino. Hapa nataka kuandika yale ambayo nikiyasema kwa mdomo unanikatiza. Una tabia hiyo. Ukiona mama yako anakaribia neno zito, unasimama unauliza kama kuna chai.

Nimechoka, baba. Siku hizi ni uchovu wa kawaida tu, wa mtu aliyeshona tangu asubuhi. Lakini ule uchovu wa zamani bado naukumbuka mwilini, na nikiufikiria tu mabega yanashuka. Nilikuwa naamka nikiwa mzito kuliko nilivyolala. Kichwa kinaniuma kabla sijanyanyua hata sufuria. Nikiketi kanisani, neno la kwanza la mahubiri nalisikia, la pili silijui. Nilidhani ndivyo mwanamke anavyokuwa akishazaa, akishazika, akishashona nguo za nusu ya watoto wa Ahero. Nilimwona kila mama wa rika langu akilalamika kwamba amechoka, nikajua na mimi ni mmoja wao, basi.

Unaikumbuka ile siku sindano ilipopita kwenye kucha yangu? Ulikuwa bado shule. Nilikuwa nashona kola, mguu unakanyaga, mkono unasukuma kitambaa, na mimi mwenyewe sipo. Nilishtuliwa na maumivu. Wateja waliokuwa wamekaa kwenye benchi walikuwa wameniangalia muda wote nikisinzia, na yule mama wa maziwa alikuwa amewaambia wenzake, "Wacheni, anaombea hiyo shati." Wakacheka. Mimi pia nilicheka, kidole kikivuja damu juu ya kola nyeupe. Nilijifunza mapema kucheka kwanza kabla ya watu, ili ionekane mimi ndiye niliyeanzisha.

Baba yako ndiye aliyejua. Watu wanamkumbuka kwa kazi yake ya kufungua na kufunga maji ya mifereji kwenye mashamba ya mpunga, mtu mpole asiyepandisha sauti. Lakini usiku alikuwa ananisukuma. Nakwambia ukweli, miaka yote ya ndoa yetu nililala na mwanaume anayenisukuma mgongoni. "Geuka, wewe. Umekata pumzi tena." Nami namjibu vibaya. Siku moja nilimwambia kama ninamsumbua aende akalale na ng'ombe. Hakwenda. Alilala na kiganja chake mgongoni mwangu, na mimi nikaamini ananidharau, kwamba anachukia kukoroma kwangu, kwamba anatamani angeoa mwanamke mwembamba anayelala kimya.

Alipokufa, usiku wa kwanza nililala peke yangu nikashtuka nimekabwa, nakwangua hewa, nikidhani ni majonzi. Usiku uliofuata hivyo hivyo. Mpaka leo sijui majonzi yaliishia wapi na ugonjwa ukaanzia wapi. Ninachojua ni kwamba yule mtu ndiye aliyekuwa mashine yangu ya kwanza ya pumzi, na nilimlipa kwa kununa. Ukioa, mwanangu, na mkeo akikuambia jambo unalolifanya ukiwa usingizini, usianze kwa kukasirika. Yeye ndiye aliyekuwa macho.

Halafu kuna ile aibu ya Nyakach, kwetu nilikozaliwa. Najua una video yake kwenye simu, usijifanye.

Mama yangu alipolala mauti, wanawake wote wa ukoo tulitakiwa kulala ndani ya nyumba yake, tukiwa tumetandika mikeka kulizunguka jeneza. Ni mama yangu. Mimi ni mtoto wake wa kike mkubwa. Nafasi yangu ilikuwa pale kichwani kwake, hakuna mwingine wa kuikaa. Nami sikuingia. Niliwaambia dada zangu kwamba moshi wa taa unaniumiza kifua, nikabaki nje kwenye kiti cha plastiki, kando ya moto wa wanaume, nikijifinya mapaja nisisinzie. Niliogopa wake za kaka zangu wasikie ninavyokoroma. Ouma, niliogopa wanawake watatu walionikuta pale kwetu tayari mtu mzima, nikamwacha mama yangu alale usiku wake wa mwisho nyumbani bila mimi.

Na aibu yenyewe haikunihurumia. Kesho yake mchana, kwaya ikiimba, askofu amesimama, mimi kiti cha mbele kabisa, nikalala. Si kusinzia, kulala. Mdomo wazi. Nilikoroma mpaka kwaya ikapoteza sauti ya tatu. Mjomba wako ndiye aliyenitikisa, na nilipofungua macho nikaona simu zimeinuliwa. Watu walikuwa wanaangua kicheko kwenye mazishi ya mama yangu, na kichekesho nilikuwa mimi.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi nikiwa kwenye cherehani. Nilijificha nisidharauliwe na watu wachache gizani, nikaja kudharauliwa na kijiji kizima jua likiwaka. Kama ningeingia ndani usiku ule, nikakoroma, dada zangu wangenisukuma kama baba yako alivyonisukuma, na labda mmoja wao angesema, "Huyu ana shida, apelekwe hospitali." Ningepona mapema zaidi. Lakini mtu anayeficha kitu huwa anawaficha hata wale ambao wangemsaidia. Sikuandikii hivi ili nikufundishe. Nakuandikia kwa sababu wewe pia ni mwepesi wa kuficha, na hilo umelitoa kwangu.

Wewe ndiye uliyenikamata. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, nimejinyoosha kwenye kochi na nguo zangu za kanisani. Uliingia kutafuta waya wa kuchajia simu, na nilipoamka nikakukuta umesimama katikati ya nyumba, uso umekubadilika.

"Mama, wewe unaachanga kupumua."

"Nani, mimi? Nimelala tu kidogo."

"Unaacha kabisa. Kimya. Alafu unashtuka kama mtu ametolewa kwa maji. Nimekuangalia ukifanya hivyo tena na tena."

Nilikuambia uende ukatafute kazi ya kufanya. Ulitoka, lakini jioni hiyo uliniletea mto wako na blanketi, ukasema utalala sebuleni. Na hapo ndipo baba yako mdogo, Odhiambo, alipoingilia. Unajua alivyo na mambo ya kwetu. Kijana aliyeota ndevu analala kwenye nyumba yake mwenyewe, ile tunayoiita simba, aliyojijengea karibu na lango, harudi kulala chini ya paa la mama yake. Wewe ulimweleza habari ya pumzi, naye akakusikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Nakuelewa, Ouma. Lakini nyumba ya mama yako si ya wewe kulala. Tafuta njia ingine."

Nilitegemea utabishana naye. Hukubishana. Ulikwenda, ukarudi na ile simu yako ya zamani yenye kioo kilichopasuka, ukaichomeka ukutani karibu na kitanda changu, ukaniambia niiweke chini ya mto. Ukanipigia kutoka simba, na hukukata. Usiku kucha simu ikawa wazi, wewe kule langoni na sikio lako hapa kwangu. Hatukuvunja mila ya mtu yeyote. Nikikoroma ulisikia, nikinyamaza ulisikia, na nikinyamaza kupita kiasi sauti yako ilitoka chini ya mto: "Mama! Mama, geuka!" Nami nageuka. Nilikuwa naota baba yako amehamia ndani ya simu.

Sidhani kama kuna mama mwingine katika tambarare hizi za Kano aliyelala na sikio la mwanawe chini ya kichwa. Mwanzoni nilicheka. Niliwahadithia wanawake wa kikundi chetu, wakasema nimebarikiwa kupata mtoto wa namna hiyo. Nami nikaitikia kwamba kweli nimebarikiwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza wewe unalala saa ngapi.

Ndipo ukanipeleka hospitali Kisumu. Nilikwenda kwa kununa, na wewe uliniona nikinuna njia nzima. Walinibandika nyaya kichwani, kifuani, mpaka kwenye kidole, wakaniambia nilale kama nyumbani, maneno ambayo hayana maana ukiwa umefungwa namna ile. Asubuhi yule daktari msichana, mdogo kuliko dada yangu wa mwisho, alinionyesha kwa vidole vyake viwili jinsi koo langu linavyojifunga nikilala. Akaniambia mwili wangu unaamka mara nyingi usiku kuja kuniokoa, na mimi mwenyewe sina habari. Pressure yangu iliyokataa kushuka kwa dawa, kichwa cha asubuhi, kusinzia juu ya sindano, vyote alivifunga kwenye furushi moja akaniwekea mezani. Nililia pale mbele yake. Nilikuwa nimejiita mvivu kwa muda mrefu sana.

Uliuza pikipiki yako ili tupate mashine ya kunisukumia hewa usiku. Hilo sitaliandika zaidi ya hapo maana nitaloesha karatasi.

Siku za mwanzo niliichukia. Maski imenibana pua, mpira unanitoka usoni kama mkonga, na hewa inanisukuma ndani kama mtu anayenilazimisha kunywa dawa. Daktari alikuwa ametueleza kwamba si oksijeni, ni hewa hii hii ya Ahero, yenye harufu ya mpunga na moshi wa majirani, ila inasukumwa kwa nguvu kidogo ili koo lisijifunge. Mikanda yake ilinilegea juu ya misuko yangu, hewa ikawa inavuja machoni. Nikakata lastiki ya sidiria ya zamani nikaishona, ikakaa. Yule muuguzi wa kliniki aliisifu kazi hiyo mpaka akaniomba nimshonee mgonjwa mwingine, na nikaona fahari, fahari ya kijinga, kwamba hata kwenye ugonjwa wangu mimi ni fundi.

Na unakumbuka Min Atieno? Jirani yetu huyu ambaye hajawahi kupita dirishani bila kuchungulia. Nilikuwa nimejilaza mchana, nimevaa maski kama nilivyoagizwa, yeye akaja kuomba uzi. Akaona. Sikumsikia akiondoka, nilisikia tu mayowe yakitokea barabarani.

"Uwi! Mama Ouma amewekewa oksijeni! Mama Ouma anaenda!"

Nilipotoka, nywele zimesimama na alama za mikanda zimenichora usoni, ua ulikuwa umejaa watu. Mchungaji amefika na Biblia, mtu ameleta kuku amefungwa miguu, na wanawake wawili tayari wameanza kulia ile sauti ya kweli kweli. Wewe ulitoka simba bila shati ukajaribu kuwaeleza.

"Hii kitu inamvuta ama inampea?" Min Atieno akakuuliza.

"Inampea hewa tu, Mama."

"Hewa? Si hewa iko kila mahali? Kwani hii yetu ina makosa gani?"

Mchungaji aliiombea mashine. Aliiwekea mkono kabisa. Kuku hakurudishwa, tulimla jioni ile na Min Atieno akala paja. Tulicheka mpaka nikakohoa, na baadaye nikalala usiku mzima kwa mara ya kwanza sijui tangu lini. Asubuhi niliamka nikaogopa, kwa sababu kichwa hakikuniuma na sikujua ni nini kimepungua. Nilikaa kitandani nikasikia ndege. Niliwaza, hivi ndivyo watu wengine wanavyoamka kila siku na hawasemi chochote?

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Haikuishia hapo, na hili ndilo lililonifanya nikate karatasi.

Mara ya kwanza walipokuita Marsabit, kule kwenye mitambo ya umeme wa upepo, ulinionyesha ujumbe ukiwa unatabasamu mdomo ukikataa kufungika. Kazi ya mkataba, kazi ya mafunzo yako, si kufungia watu balbu. Ulisema tatizo ni moja tu, huko mtandao wa simu unakuja na kuondoka, hutaweza kuniachia simu wazi usiku. Halafu ukasema, "Lakini sasa una mashine, Mama. Hatuhitaji simu."

Niliitikia. Nikakupongeza. Na usiku huo nilivaa maski, nikasubiri, kisha nikaivua nikaiweka pembeni.

Nimejaribu kuliandika hilo kwa namna nyingine nikashindwa. Niliivua makusudi. Kabla ya hapo niliwahi kuivua kwa joto, kwa mafua, kwa usumbufu, kama wagonjwa wote wanavyofanya. Lakini usiku ule na mwingine uliofuata niliivua kwa sababu nilijua simu bado iko wazi chini ya mto, na nilijua utasikia. Nilitaka usikie. Sauti yako ilipotoka, "Mama, geuka," nilikuwa niko macho kidogo, na moyo wangu ukatulia. Nikasema, haendi.

Hukwenda. Uliwaandikia kwamba una mgonjwa nyumbani na mashine haimsaidii sana. Nilikuwa nimesimama mlangoni ulipokuwa unaandika, nimeshika mkasi, na nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nikakuuliza kama umekula.

Usinitetee, najua utataka kunitetea. Utasema nilikuwa mpweke, baba amekufa, nyumba kubwa. Ni kweli nilikuwa mpweke. Lakini upweke wangu ulikuwa wangu, na nilichukua miaka yako nikaufunikia. Wazazi wengine wanawazuia watoto wao kwa laana na kelele, watu wote wanasikia. Mimi nilikuzuia kwa kukoroma, na watu wakanionea huruma.

Kilichonirudishia akili ni mguu wako. Walipokuleta kutoka kazini Mamboleo ukiwa umefungwa bendeji, yule mwenzako alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini.

"Mama, usimgombeze. Hakuteleza. Alilala. Alikuwa ameshika paneli ya sola huko juu kwa paa, akalala tu, akashuka nayo."

"Alilala mchana?"

"Huyu analalanga kila mahali, Mama. Kwa kazi tunamwita Mchungaji, eti anaombea waya."

Wao walicheka kidogo, kwa upendo, kama wateja wangu walivyonicheka. Mimi nilikwenda kukuangalia. Ulikuwa umekaa kwenye benchi langu, mguu umenyooshwa, kichwa kimeegemea ukuta, na ulipofungua macho kuniambia uko sawa niliyaona. Mekundu, mazito, yamezungukwa na weusi. Yalikuwa macho yangu. Niliyafahamu kwa sababu niliyaona kwenye kioo miaka yote ile. Mimi nilikuwa nimepewa dawa ya ugonjwa wangu, nikaiweka pembeni, na ugonjwa ukatafuta mtu mwingine wa kulala naye.

Ungeanguka kwa shingo, Ouma. Paa lile nimekwenda kuliona. Sikukuambia, lakini nilikwenda, nikasimama chini yake mpaka mwenye nyumba akatoka kuniuliza ninatafuta nini.

Tangu siku ile sijaivua kabla ya kupambazuka. Joto likiwepo, mafua yakiwepo, naivaa. Stima ikipotea nageuza kwenye ile betri uliyonifungia, na naijua swichi hata nikiwa nimefumba macho. Maji ya kwenye kisanduku cha mashine nabadilisha, maski naiosha asubuhi naianika mbali na jua. Min Atieno nimempa ufunguo wa akiba, na anautunza kwa fahari ya mtu aliyepewa cheo. Uliniona nikinona usoni ukadhani ni kwa sababu nimefurahi mguu wako umepona. Ilikuwa hivyo pia.

Walipokuita mara ya pili sikungoja utabasamu. Nilikuambia nenda, na nikaanza kukushonea lile koti zito la upepo kabla hujajibu. Wewe ukaniangalia muda mrefu. Nafikiri ulijua. Nafikiri ulijua tangu zamani, kwamba maski haijivui yenyewe na kujiweka mezani, na ukanyamaza ili nisiaibike. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilikulea vizuri kiasi cha kunifichia.

Sasa, kule unakoenda hakuna mtu atakayekuomba uchague kati yake na maisha yako waziwazi. Watu hawaombi hivyo. Watakuonyesha tu mahali panapowauma, na wewe utakwenda mwenyewe kukaa hapo, kwa sababu ndivyo ulivyo. Sikukatazi kuwa hivyo. Nilikula matunda ya tabia hiyo, siwezi kuitukana. Ila ukijikuta huko umechoka mpaka unasinzia ukiwa umesimama, jiulize ni nani unayemkeshea, na kama yeye amevaa maski yake. Na kazi ile ni ya juu kuliko paa la Mamboleo. Ukiwa na usingizi, shuka. Wakikucheka waache wacheke, mimi nimechekwa kwenye mazishi na bado niko hapa.

Jana uliniambia unataka usiku huu wa mwisho tuiache simu wazi, "kukumbuka ya zamani tu, Mama." Ulisema kama utani. Nilikuitikia kwa kichwa kwa sababu nilikuwa na pini mdomoni, na pia kwa sababu niliona jinsi ulivyotaka. Nimefikiria siku nzima, na jibu langu ni hapana.

Utakapokuwa unasoma hapa nitakuwa nimeshaizima. Ukipiga haitalia. Usije mbio. Ninajua ukimya unavyokutisha, nimeufanya uwe kitu cha kukutisha tangu Jumapili ile ya kochi. Kwako wewe mama akiwa kimya, mama anakufa. Mwanangu, siku hizi ni kinyume. Siku hizi nikikoroma ndipo mambo yameharibika, na nikiwa kimya ndipo hewa inapita. Itabidi ujifunze ukimya wangu upya, na sitaki ukajifunzie Marsabit, mbali, ukiwa juu ya mlingoti wa mtambo na wasiwasi moyoni. Jifunze leo, hapa, tukiwa tumetenganishwa na ua tu.

Kuagana tutaagana jioni hii, tukimaliza samaki, na nitakushika kichwa kama nilivyokuwa nakushika ukiwa mdogo, na utavumilia. Alfajiri sitaamka kukusindikiza. Majirani watauliza ni mama gani haamki mwanawe akisafiri, na Min Atieno atakuwa wa kwanza. Waache. Kwa muda mrefu hukuwahi kuondoka uani hapa bila kwanza kuhakikisha kama niko hai. Nataka uondoke mara moja kama kijana wa watu wengine, mwenye begi lake na mawazo ya kazi yake.

Utakuja mlangoni kwangu kabla ya kutoka langoni. Utasimama, nakujua. Utaweka sikio kwenye ubao na hutasikia kitu. Usigonge, Ouma. Nenda zako.

Nitakuwa nimelala.

Mama